Jinsi ya kuandaa maelezo ya programu yako kabla ya kuituma Google Play

Kabla ya kutuma programu ikakaguliwe, jua kwamba maandishi yako yatasomwa na watu wawili wasiofanana. Mkaguzi wa Google hajui kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) ni kitu gani na hana laini ya simu ya Tanzania. Mweka hazina wa kikundi anakijua kikoba kuliko wewe, ila hajawahi kuiona programu yako. Tuchukue mfano huo: programu ya kutunza daftari la kikoba, yaani hisa, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii.

Anza na mkaguzi. Programu nyingi za kwetu humwingiza mtu kwa namba ya simu na namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS. Mkaguzi hataipata SMS hiyo, na asipoingia hawezi kukagua. Tengeneza akaunti ya majaribio yenye namba ya uthibitisho isiyobadilika, isiyoisha muda, inayokubali kutoka nchi yoyote. Iandike kwenye sehemu ya “App access” ndani ya Play Console, yaani tovuti ya Google unakotumia programu yako, kwa Kiingereza, hata kama programu nzima ni ya Kiswahili. Akaunti hiyo isiwe tupu. Weka kikundi chenye wanachama wa kubuni, mikutano kadhaa na mkopo uliolipwa nusu, ili akibonyeza “Marejesho” aone kitu. Kama mwenyekiti anaona kurasa asizoziona mwanachama wa kawaida, toa akaunti zote mbili. Na usiifunge akaunti hiyo ya majaribio baada ya programu kupita, maana matoleo mapya nayo hukaguliwa.

Kisha andika sera ya faragha. Iwe kwenye ukurasa wa wavuti unaofunguka kwa kila mtu; faili la PDF halikubaliwi. Itaje jina la programu au la msanidi kama lilivyo dukani, taarifa unazokusanya, unazilindaje, unazitunza kwa muda gani, zinafutwaje, na mtu akiwa na swali akuandikie wapi. Ukimaliza sera ndipo ujaze fomu ya Usalama wa data (Data safety) ya Play Console, unakotangaza taarifa unazokusanya, ukiwa umeiweka sera pembeni, kwa sababu viwili hivi vikipingana utarudishwa. Kumbuka pia vipande vya msimbo vya kampuni nyingine ulivyoviweka, vya matangazo au vya kuhesabu watumiaji. Vinachokusanya ni juu yako kukitangaza.

Kama watu wanafungua akaunti ndani ya programu, lazima waweze kuifuta humohumo, na pia kupitia kiungo cha wavuti kwa aliyekwisha kuiondoa programu kwenye simu. Kwa kikoba jambo hili linahitaji maelezo ya wazi: mwanachama akifuta akaunti yake, namba yake ya simu inafutika, lakini je, michango yake inabaki kwenye hesabu za kikundi? Amua, kisha uandike. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inakuhusu, na ya Kenya ya 2019 ukiwa na watumiaji huko.

Maelezo ya dukani yana mipaka: jina herufi 30, maelezo mafupi 80, marefu 4,000. Aikoni ni pikseli 512 kwa 512, na picha za skrini zisipungue 2. Usiweke majina na namba za wanachama halisi kwenye picha hizo. Maneno kama “bora” au “namba 1” yaache nje ya jina. Uwe mwangalifu zaidi na neno “mkopo”: kama programu inaandika hesabu tu, sema hivyo waziwazi, kwamba haikopeshi wala haishiki pesa ya mtu, usije ukahesabiwa miongoni mwa programu za mikopo. Fomu ya huduma za kifedha ijaze vilevile, hata kama jibu lako ni kwamba huna huduma hizo.

Mwongozo wa mtumiaji uandike wakati wa majaribio. Mwenye akaunti binafsi ya msanidi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 anatakiwa kuwa na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo, na hapo ndipo utaona watu wanakwama wapi. Usiandike “ingiza muamala wa mwanachama”. Andika: “Bonyeza Michango, chagua jina, andika kiasi, bonyeza Hifadhi.” Maneno yawe yaleyale yaliyo kwenye vitufe. Mwongozo ukae ndani ya programu na ufunguke bila bando, kwani mikutano mingi hufanyika pasipo mtandao wa kueleweka.

Ukishatuma, ukaguzi unaweza kuchukua siku 7 au zaidi. Ukirudishwa, barua pepe itataja sera iliyokiukwa. Rekebisha hicho kilichotajwa, pitia tena akaunti ya majaribio, kisha tuma upya. Na ukibadilisha jina la kitufe kwenye toleo lijalo, badilisha mwongozo na picha za dukani kabla hujalituma.