Chora fonti yako ya pikseli kama za gemu za zamani, na ng' isomeke vizuri

Mimi katika gemu za zamani hupenda herufi kuliko kitu chochote. Wengine wanafuata mbio na risasi. Macho yangu hukimbilia pale juu palipoandikwa alama za mchezaji, kwa herufi nenenene, zimebanana, na bado unazisoma bila shida kwenye skrini hafifu. Kazi yangu ya mabango na stika hapa Kampala imefaidika sana na mapenzi hayo. Ukifuata hatua hizi, utakuwa na fonti yako mwenyewe, yaani seti ya herufi, iliyojengwa kwa pikseli, vile vimraba vidogo vya skrini, na inayofaa Kiswahili na Luganda pia.

Tafuta daftari la hesabu lenye miraba, penseli, kifutio, na kompyuta yenye intaneti. Laptopu kuukuu inatosha.

Hatua ya 1: Tazama kwa karibu

Pakua fonti ya Press Start 2P kutoka tovuti ya Google Fonts, ni ya bure. Imetokana na herufi za gemu za kampuni ya Namco za miaka ya 1980, zile za Pac-Man. Andika neno moja, kisha likuze mpaka uone kila mraba. Utagundua kwamba kila herufi inaishi ndani ya kisanduku cha pikseli 8 kwa 8, kwa sababu mashine za wakati ule zilijenga skrini kwa vigae vya ukubwa huo. Herufi yenyewe inachukua 7 kwa 7. Safu moja na mstari mmoja huachwa wazi ili herufi zisigusane. Tazama pia kwamba nguzo za wima zina pikseli mbili na mistari ya kulala ina moja. Kwenye televisheni za zamani zenye kioo kinene, nguzo ya pikseli moja ilififia na rangi yake kuchuruzika pembeni.

Fonti nyingine ninazozipenda ni Silkscreen, kwa maandishi madogo, na VT323, yenye sura ya kompyuta za ofisini za zamani. Na kama hujacheza gemu ya Undertale ya 2015, icheze hata kwa ajili ya maandishi tu: ndugu wawili wa mifupa, Sans na Papyrus, kila mmoja anaongea kwa fonti yenye jina lake. Unaisikia sauti ya mtu kabla hujaelewa anachosema. Sijaona mbunifu aliyetumia fonti kwa akili kama hiyo.

Hatua ya 2: Anza na M na A

Kwenye daftari, zungushia miraba 7 kwa 7. Anza na M, maana ndiyo ngumu. Nguzo mbili za pikseli mbilimbili zinakula nafasi nne, zinabaki tatu tu za kuchora bonde la katikati:

■■□□□■■
■■■□■■■
■■■■■■■
■■■■■■■
■■□■□■■
■■□□□■■
■■□□□■■

Hapo katikati imejaa kabisa, na ni sawa. Jicho linasoma zile ncha mbili za juu na kitone cha mstari wa tano. Ukiipindua unapata W ya kuanzia.

Kisha A. Hii usiiharakishe. Andika HABARI ZA KAMPALA: herufi 15, na sita kati yake ni A. Lugha yetu imejaa A, kwa hiyo A mbaya inaharibu bango zima. Weka mstari wa kulala kwenye mstari wa tano wa miraba kutoka juu ili tundu libaki kubwa. Ukiupandisha, tundu linaziba na maandishi yako yanakuwa na madoa meusi kila mahali.

Herufi nyingine zitakuja haraka: H, N, O, kisha zinazofanana nazo.

Hatua ya 3: Ng' na Ŋ

Fonti nyingi za pikseli zinatuangusha hapa. Kila alama ikipewa kisanduku kizima cha pikseli nane, NG'OMBE inakatika vipande viwili, na pengo katikati. Ichore alama ya ritifaa kwa upana wa pikseli mbili, uongeze moja ya nafasi, basi. Kisha iweke mahali pawili: kwenye ' iliyonyooka na kwenye ’ iliyopinda, kwa sababu simu na programu za kuandikia hubadilisha moja kuwa nyingine bila kukuuliza. Ukiacha moja, katikati ya neno kitatokea kisanduku kitupu au alama ya fonti nyingine.

Kwa Luganda unahitaji Ŋ, la sivyo huwezi kuandika EŊŊOMA (ngoma). Chora N, kisha mguu wa kulia uupinde kuelekea kushoto. Mkia utashuka hadi mstari wa nane tuliouacha wazi, kwa hiyo ongeza nafasi kati ya mistari.

Hatua ya 4: Ingiza kwenye kompyuta

Fungua tovuti ya FontStruct ya kutengenezea fonti, inafanya kazi ndani ya kivinjari. Kila tofali ni pikseli moja. Nakili daftari lako, sogeza mistari ya pembeni kuweka upana wa kila herufi, kisha pakua faili la fonti (TTF) na uliweke kwenye kompyuta.

Hatua ya 5: Tumia

Kwenye skrini, tumia ukubwa unaogawanyika kwa 8: 16, 24, 32. Zima ulainishaji wa kingo (anti-aliasing), na picha ihifadhi kama PNG. JPEG huchafua kingo. Rangi ziwe chache. Game Boy ya 1989, mashine ya gemu ya mkononi, ilikuwa na vivuli vinne tu na bado ilipendwa.

Ukipeleka kazi Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kuchapishwa, kwanza badilisha herufi ziwe maumbo, kisha toa PDF. Kompyuta ya mchapaji haina fonti yako, itaweka yoyote iliyo nayo.

Kabla ya hapo, chapisha A4 moja yenye NG'AMBO, EŊŊOMA, MWAMBA na KAMPALA. Ibandike ukutani, vuka upande wa pili wa barabara, na umwombe mtu asiyejua umeandika nini akusomee.