Namna ya Kutazama Vichekesho vya Filamu Bubu

Anayetaka kuzizoea filamu bubu za vichekesho na aanze na fupi, nami humshauri kila mtu aanze na One Week ya Buster Keaton, iliyotoka mwaka 1920 na isiyofikia nusu saa. Maharusi wanapewa zawadi ya nyumba ya kuunganisha, iliyofungwa katika makasha yenye namba. Mwanamume aliyekataliwa na bibi harusi anazibadili namba hizo kwa siri, na nyumba inasimama upogoupogo, ikiwa na mlango wa ghorofani unaofungukia hewani.

Kabla ya kutazama, chagua nakala yenye mwendo sahihi. Kamera za wakati huo zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa kasi iliyo chini ya picha 24 kwa sekunde zilizokuja kuwa kawaida baada ya sauti kuingia, kwa hiyo nakala iliyoandaliwa ovyo huwafanya watu wakimbiekimbie kama siafu na kuharibu utani wote. Muziki nao uwepo, maana hata zamani kumbi hazikuwa kimya. The Gold Rush ya Charlie Chaplin ina matoleo mawili. Anza na la 1925, si la 1942 ambalo mwenyewe aliliongezea sauti yake ya msimulizi.

Kisha weka simu mbali, kwa kuwa hakuna sauti ya kukushtua ukipitwa na jambo. Usiukodolee macho uso peke yake. Tazama mwili mzima na pembe zote za picha. Katika One Week nyumba inakwama juu ya reli, treni inakuja kwa kasi, maharusi wanasubiri kishindo, na treni inapita kwenye reli ya pembeni. Wakiwa bado wanashusha pumzi, nyingine inatokea upande wa pili na kuisambaratisha nyumba. Rudisha nyuma uone kamera ilivyotegwa ili reli mbili zionekane kama moja.

Ukishazoea, ingia kwenye ndefu. Katika Safety Last! ya 1923, Harold Lloyd ananing'inia kwenye saa ya jengo huku magari yakipita chini, ilhali mkono wake wa kulia haukuwa na kidole gumba wala cha shahada tangu ajali ya 1919, akauficha kwa glavu maalumu. Hii itazame pamoja na wengine, watoto wakiwemo, kwani Lloyd alizijaribu filamu zake mbele ya watazamaji kabla ya kuzikamilisha, akirekebisha pale wasipocheka.