Jinsi ya Kuchambua Mifupa ya Wanyama Kutoka Makazi ya Kale ya Pwani

Uchimbaji wowote wa mambo ya kale Tanzania Bara huhitaji leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hapa tuchukulie kwamba leseni imekwisha kupatikana.

Uchambuzi huanzia shimoni. Chekeche lenye matundu ya milimita 5 hupitisha pingili za uti wa mgongo wa samaki wadogo, na asiyechekecha sehemu ya udongo wa kila tabaka kwa matundu ya milimita 2 ataishia kuandika kwamba wakazi walitegemea mbuzi kuliko samaki, hata kama mji wenyewe ulikuwa karibu na bahari kama Kunduchi. Mifupa isafishwe kwa mswaki laini, ianikwe kivulini kwa kuwa jua kali huipasua, na kila mfuko ubaki na lebo ya shimo na tabaka.

Sehemu ngumu ni kutambua, na kwa maoni yangu picha za vitabuni hazitoshi. Inahitajika mifupa ya kulinganishia, nayo mkazi wa Dar es Salaam hana sababu ya kuikosa: samaki wazima wapo Soko la Feri, na vichwa na miguu ya mifugo hupatikana machinjio ya Vingunguti. Andika jina la samaki kabla hajaingia sufuriani, kisha mchemshe kwa moto mdogo mpaka nyama iachane na mfupa. Dawa ya kung'arisha nguo isitumike, maana huula mfupa. Pono ana mifupa ya kooni yenye safu za meno madogo, migumu kiasi cha kudumu ardhini wakati mifupa mingine ya kichwa chake imekwisha kuoza. Papa, ambaye kiunzi chake ni gegedu, kwa kawaida huacha meno na pingili za mviringo tu.

Mbuzi na kondoo hufanana mno, hivyo pasipo alama dhahiri andika "mbuzi au kondoo" bila kuona haya.

Katika kuhesabu, toa kwanza idadi ya vipande vilivyotambuliwa, kisha idadi ya chini ya wanyama: ncha za chini za mifupa ya paja la mbuzi zikiwa 3 za kulia na 5 za kushoto, mbuzi hawakupungua 5.

Mwisho kagua alama kwa lenzi. Kisu huacha mfereji mwembamba wenye umbo la V, ilhali meno ya panya huacha mifereji miwili miwili iliyo sambamba. Mifupa ya panya wenyewe ihesabiwe kando, kwa kuwa huenda walichimba mashimo yao karne nyingi baada ya wenyeji kuhama.