Kusoma sahihi ya upanga wa Kijapani

Mwaka 1944 askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza Afrika Mashariki), wakiwamo wa kutoka Tanganyika, walipigana Burma na jeshi la Japani, ambalo maofisa wake walibeba panga hadi mstari wa mbele. Kwa hiyo upanga wa Kijapani ukikutwa darini kwa marehemu babu, Tukuyu au Iringa, si ajabu kubwa. Swali ni kama ni wa kale au ulifuliwa kwa ajili ya vita ile, na jibu limefichwa ndani ya mpini, kwenye mkia wa upanga ambako mara nyingi mhunzi huchonga sahihi yake.

Kwanza tazama kwa nje. Mpini wa aluminiamu uliopakwa rangi, pamoja na namba zilizogongwa kwenye ubapa karibu na mpini, maana yake ni upanga wa sajini uliotoka kiwandani. Huo hauna sahihi, usihangaike kuufungua.

Mpini wa mbao uliosokotewa utepe hushikwa na kijiti kimoja cha mwanzi, wakati mwingine viwili. Kijiti hicho kina ncha nyembamba na ncha nene, hivyo kisukume kuanzia upande mwembamba, ukigonga taratibu kwa nyundo ndogo na kipande cha mbao. Ukigonga upande mnene utakipasua. Kikivunjika, chonga kingine kwa mwanzi mkavu uliokomaa, Iringa haukosekani. Kisha shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, upanga ukisimama na kuinama kidogo, makali yakielekea mbali nawe. Piga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia. Baada ya mapigo machache ubapa utalegea. Usiuvute kwa kushika makali, na usiuguse kwa vidole vitupu, kwani jasho huacha madoa ya kutu.

Sasa unaona mkia wa upanga, ambao Wajapani huuita nakago. Hapa ndipo watu huharibu. Wanauona una kutu, wanachukua msasa au brashi ya waya, na mkia unang'aa kama sufuria mpya. Kutu ile ndiyo cheti cha umri. Mkia wa kale una kutu nzito ya kahawia iliyokolea hadi nyeusi, laini ukiipapasa. Kutu nyekundu inayomeguka ni ya juzi. Ukiisugua umefuta ushahidi, na wala kutu ya bandia haitaurudisha.

Kusoma, simamisha upanga ncha ikiwa juu na uumulike kwa mwanga wa pembeni, kwa mfano jua la asubuhi dirishani. Maandishi yakiwa hafifu, pakaza unga laini wa wanga kwa kidole, kisha upanguse kwa kitambaa. Yanasomwa kutoka juu kwenda chini. Sahihi ikikutazama na makali yakiwa kushoto kwako, huo ni katana, upanga uliochomekwa mkandani makali juu. Yakiwa kulia, kwa kawaida ni tachi, aina ya zamani zaidi iliyoning'inizwa kiunoni makali chini. Wahunzi wa jimbo la Hizen, ukoo wa Tadayoshi, waliandika katana zao kwa upande wa tachi, kwa hiyo usikate hukumu kwa alama hii peke yake.

Sahihi ndefu huwa hivi: 備前国住長船祐定作. Bizen ni jimbo, 国 ni nchi au jimbo (mara nyingi huandikwa kizamani, 國), 住 ni mkazi wa, Osafune ni kijiji, Sukesada ni mhunzi, 作 ni ametengeneza. Jina peke yake halitoshi, maana wahunzi wengi wa vizazi mbalimbali walijiita Sukesada.

Upande wa pili huenda ukakuta tarehe: jina la enzi, namba, 年, kisha mwezi. Chukua mwaka wa kuanza enzi, ongeza namba, toa moja. 昭和 (Showa) ilianza 1926, hivyo 昭和十八年 ni 1943. 寛文 (Kanbun) ilianza 1661. Mwezi wa pili na wa nane hujirudia mno. Usidhani wahunzi walilala miezi mingine, ilikuwa desturi ya uandishi tu.

Muhuri mdogo wa 昭 au 関 kwenye mkia ni alama ya ukaguzi ya wakati wa vita, na kwa kawaida huonyesha ubapa usiofuliwa kwa njia ya jadi.

Sahihi za uongo ni nyingi, hasa za majina makubwa, kwa sababu jina hupandisha bei. Angalia ndani ya mifereji ya tindo: kutu yake ifanane na ya nje. Chuma kikimeta humo, au kingo za herufi zikiwa kali na kutu iliyozizunguka imevunjika, tia shaka. Tundu la kijiti kukata herufi katikati si dosari. Panga ndefu zilifupishwa kwa kukatwa mkiani, na nyingine zikapoteza sahihi yote. Usiudharau upanga usio na sahihi.

Ukitaka maoni ya mjuzi, piga picha mkia mzima pande zote mbili, ncha ikielekea juu, rula kando yake, bila flashi. Futa ubapa kwa tone la mafuta ya cherehani. Wajapani hutumia mafuta yenye harufu ya karafuu. Mkia uache mkavu, mbao za mpini zisije zikanyonya mafuta na kuoza, hasa masika ya Rungwe.