Section 8: piga hesabu ya kodi ya nyumba kabla ya kusaini fomu

Mwongozo huu ni kwa ndugu waliokwisha kupata vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, hapa Marekani na sasa wanatafuta nyumba. Mambo ya orodha ya kusubiri mnayajua. Linaloumiza wengi, familia yangu ikiwemo, huja baadaye: nyumba imepatikana, mwenye nyumba amekubali, watoto wameshagawana vyumba, kisha mamlaka ya nyumba, yaani ofisi inayosimamia vocha, inajibu kwamba kodi haikubaliki.

Anza kwa kumwuliza karani wa ofisi hiyo kiwango cha malipo, yaani kikomo ambacho ofisi hutumia kukokotoa msaada wake, kwa idadi ya vyumba iliyo kwenye vocha yako. Kila mwaka HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, hutangaza kodi ya soko kwa kila eneo, bili za umeme, gesi na maji zikiwa ndani yake, nayo huanza kutumika Oktoba 1. Mamlaka ya mji wako kwa kawaida huweka kiwango chake kati ya asilimia 90 na 110 ya kodi hiyo. Kuna miji ambako kiwango hubadilika kwa kufuata msimbo wa posta, kwa hiyo taja mtaa unaoutaka.

Kisha jua sehemu yako. Kwa walio wengi ni asilimia 30 ya mapato ya mwezi baada ya makato, yaani kiasi ambacho ofisi hukiondoa kwenye mapato yako kabla ya kupiga hesabu. Makato ya kila mtoto yalikuwa dola 480 kwa mwaka kwa muda mrefu. Uliza ya mwaka huu, na upeleke risiti za malezi ya watoto kama unalipia ili uweze kwenda kazini. Ofisi hukadiria mapato ya mwaka mzima kutokana na hati zako za mshahara. Kama hati hizo zina ovataimu ya msimu tu, mwombe mwajiri barua inayosema hivyo, la sivyo utahesabiwa fedha ambazo hutazipata.

Sasa tufike kwenye fomu namba HUD-52517, ambayo wewe na mwenye nyumba mnaijaza kuomba kibali. Katikati kuna jedwali: joto (la kupasha nyumba), kupikia, maji moto, umeme mwingine, maji, taka. Kila mstari huandikwa O kama analipa mwenye nyumba, au T kama analipa mpangaji. Kila T inaongeza gharama, kwa sababu ofisi huchukua kodi aliyoitaja mwenye nyumba, ikajumlisha makadirio yake ya bili zako, kisha jumla hiyo ndiyo inayopimwa dhidi ya kiwango cha malipo. Sisi tulitajiwa kodi nafuu, lakini mstari wa joto ukaandikwa T. Ombi likakataliwa, na nyumba ikachukuliwa na mwingine.

Tazama mfano. Mama mwenye watoto watatu anapata dola 2,000 kwa mwezi. Baada ya makato ya watoto, tuseme 480 kwa mwaka kwa kila mmoja, yaani 120 kwa mwezi kwa wote, inabaki 1,880, na asilimia 30 yake ni 564. Tuseme kiwango cha malipo ni 1,300, kodi ni 1,350, na bili zake, joto likiwemo, zinakadiriwa 180. Jumla ni 1,530, imezidi kiwango kwa 230. Ziada hiyo ni yake, kwa hiyo angebeba 794. Lakini unapoingia nyumba mpya ambayo jumla yake imepita kiwango, sheria inakataza sehemu yako kuvuka asilimia 40 ya mapato yaliyobaki baada ya makato, yaani 752 kwa mama huyu. Ombi linaanguka. Sasa mwenye nyumba akikubali kulipia joto, makadirio ya bili yakashuka hadi 70, jumla inakuwa 1,420 na sehemu ya mama 684. Nyumba ni ileile na kodi ni ileile, lakini ombi linapita. Keti na mwenye nyumba kwenye jedwali hilo kabla yeyote hajasaini.

Bado kuna ulinganisho. Ofisi lazima iridhike kwamba kodi haizidi ya nyumba zinazofanana zisizo na ruzuku: mahali, ukubwa, umri, hali na huduma. Mwenye jengo la nyumba zaidi ya nne anatakiwa aandike kwenye fomu hiyohiyo kodi za wapangaji wake wa karibuni wasio na vocha. Ofisi ikiona bei iko juu, mwenye nyumba anaweza kuishusha. Mwombe, wengi hukubali kuliko nyumba ikae tupu.

Muda wa kutafuta nyumba kwa vocha ni angalau siku 60, na huacha kuhesabiwa tangu unapowasilisha fomu hadi upate jibu. Andika tarehe uliyoiwasilisha na utunze nakala. Ukaguzi wa nyumba ukipita, mkataba unasainiwa.

Mwenye nyumba akikuambia umwongezee kitu pembeni kila mwezi juu ya kodi iliyoidhinishwa, kataa. Ni marufuku, na inaweza kukupotezea vocha. Kodi haipandi katika kipindi cha kwanza cha mkataba. Baadaye, akitaka kuipandisha, anapaswa kuijulisha ofisi siku 60 kabla, na ulinganisho unafanywa upya. Kazi ikipungua, peleka taarifa kwa maandishi mara moja ili sehemu yako ihesabiwe tena. Ukiona mapato yako au makadirio ya bili yamehesabiwa vibaya, omba kwa maandishi usikilizwe shauri lako, ndani ya muda uliotajwa kwenye barua ya ofisi, na uombe mkalimani wa Kiswahili katika barua hiyohiyo.