SOMO: Unga wa uji wa mjamzito usio na sumukuvu (soma hadi mwisho ndipo uulize)

Kila wiki mtu anauliza humu kama uji wa lishe una madhara kwa mjamzito. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Tatu si uji, tatizo ni sumukuvu (aflatoksini), sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Haiondoki kwa kupika. Fangasi anakufa motoni lakini sumu aliyoiacha inabaki, kwani huvumilia zaidi ya nyuzi 230 na sufuria ya uji haivuki 100. Inapita kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na inahusishwa na kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya mashine.

Vipimo: mahindi kilo 2, ulezi kilo 1, soya nusu kilo, karanga robo kilo.

1. Nunua mahindi na karanga nzima, si unga.

2. Pima unyevu wa mahindi. Chupa ya kioo iliyokauka, mahindi hadi theluthi yake, chumvi vijiko 2 au 3 vya chakula. Funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipogandia usishangilie: kiwango cha Afrika Mashariki ni 13.5, kwa hiyo anika tena juani, juu ya turubai, si chini. Chumvi iliyovuta unyevu itakudanganya, ikaushe kwanza.

3. Chambua. Hapa ndipo wengi wanaharibu, hasa kwenye karanga: wanakaanga kwanza, wanachambua baadaye. Ukishakaanga hadi zikawa kahawia, mbovu na nzima zinafanana. Chambua zikiwa mbichi, mchana, kwenye ungo mweupe au sinia. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi. Kisha zipashe moto mdogo tu, menya maganda, chambua MARA YA PILI, maana ganda huficha madoa. Pasua chache katikati: ukungu hupenda kukaa kati ya vipande viwili. Usionje ili kujua. Chungu itoe, lakini tamu si ushahidi. Na usihurumie hasara, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye punje chache, na moja ikisagwa inaenea debe zima.

4. Koboa mahindi. Sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda na kiini, inatoka na pumba.

5. Osha, toa yanayoelea, anika siku hiyohiyo hadi yakauke kabisa. Ukipeleka mashineni yakiwa na majimaji, unga utavunda ndani ya mfuko.

6. Soya: chemsha dakika 20 hadi 30, anika, kaanga kidogo.

7. Saga mahindi, ulezi na soya, unga wa wiki mbili tu. Unga wa kwanza kutoka mashineni ni mabaki ya mteja aliyetangulia, usiuchukue. Karanga saga peke yake, kidogo kidogo, utie wakati wa kupika. Mafuta yake huchachua unga.

MASWALI

mama_kijacho: Nikichemsha uji saa nzima si inaisha?
— Aya ya pili.

Mzalendo77: Bibi zetu walikula hayohayo, mnatisha watu.
— Makueni na Kitui, Kenya, 2004 sumukuvu iliua watu zaidi ya 100. Dodoma na Manyara 2016 ikajirudia, na wengi walikula mahindi waliyolima wenyewe.

dada_wa_Moro: Nilishauriwa dona kwa sababu ya virutubishi. Sasa unasema nikoboe?
— Swali zuri, dada. Dona ni bora kama mahindi unayajua tangu shambani. Kama ni ya gulioni, koboa, kisha fidia kwa maharage, mboga za majani na vidonge vya madini chuma na foliki asidi vya kliniki. Sembe ya dukani iliyoongezewa virutubishi pia inafaa.

mfugaji_Kibaigwa: Mbovu niwape ng'ombe?
— Hapana mkuu. Sumu inarudi kwenye maziwa, na kuku nao inawadhuru. Sumukuvu yenyewe iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa mashudu ya karanga. Fukia shimoni.

baba_tarajiwa: Mke wangu anakula udongo wa sokoni, vipande vitano kwa siku. Upo salama ukikaangwa?
— Moto unaua mayai ya minyoo, hauondoi risasi wala aseniki. Na udongo huzuia chuma kufyonzwa. Usimgombeze, shemeji, mpeleke akapimwe damu. Hemoglobini (wingi wa damu) chini ya 11 ni upungufu, na hamu hiyo mara nyingi hupungua akitibiwa.

Mpwani: Na papa mkavu?
— Amwache hadi ajifungue. Papa, nduaro na sulisuli wana zebaki nyingi kwa sababu wanakula samaki wengine miaka mingi. Chumvi na jua haviiondoi. Dagaa ale tu.

Mpwani: Dagaa wenye mchanga?
— Toa vichwa, osha maji matatu. Wakinuka ukungu, tupa.