Kupunguza madhara ya hospitali ya wilaya kwa mazingira: anzia kwenye ndoo ya taka

Mganga mfawidhi anayetaka hospitali yake ipunguze madhara kwa mazingira asianze kwa kutafuta mfadhili wa umeme wa jua. Aanzie kwenye ndoo za taka wodini, kwa sababu hapo kazi haidai fedha nyingi, na mabadiliko yake huonekana mapema.

Saa nne asubuhi, madaktari wakishamaliza raundi, fungua ndoo ya njano, ile ya taka zenye maambukizi, uangalie kilichomo bila kutia mkono ndani. Mara nyingi utakuta maboksi ya dawa, karatasi za kufungia mabomba ya sindano, chupa ya maji ya kunywa na ganda la ndizi, na katikati yake vipande viwili vya pamba yenye damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 85 ya taka za vituo vya afya ni za kawaida, sawa na za majumbani. Lakini ganda lile likishachanganyika na pamba ile, ndoo nzima huhesabiwa kuwa taka hatarishi, na nzima huishia kwenye kichomea taka, ikila dizeli na kutoa moshi unaowarudia wagonjwa madirishani.

Kwa hiyo panga ndoo pale taka zinapozaliwa: nyeusi kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zenye maambukizi makali, pamoja na sanduku la usalama la sindano, ambalo hufungwa likijaa robo tatu. Ndoo nyeusi iwe pia karibu na mlango, kwa kuwa ndugu wa wagonjwa huja na chakula na hawana wajibu wa kukariri rangi zetu. Mhudumu wa usafi, ambaye ndiye anayejua wodi ipi inachanganya taka, aingizwe kwenye timu ya kukinga na kudhibiti maambukizi na asikilizwe. Kumpa maagizo tu hakutoshi. Kisha pima kila mfuko kwa mizani ya kuning'iniza, andika kilo kwa kila wodi, na ugawe kwa idadi ya siku za kulazwa zilizomo katika vitabu vya MTUHA (mfumo wa kumbukumbu za huduma za afya), ili wodi yenye wagonjwa wengi isionekane mkosaji bure.

Si kila kinachobaki kinafaa kuchomwa. Kondo la nyuma lina majimaji mengi na mahali pake ni kwenye shimo la kondo. Mirija ya plastiki yenye klorini, ikichomwa kwenye moto hafifu, hutoa dioksini, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unazitaka nchi wanachama kuipunguza. Palipo na mtambo wa kutakasa taka kwa mvuke, nyuzi 121 za Selsiasi kwa angalau dakika 30 huua vijidudu bila moshi wowote.

Jambo la pili ni glovu. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilipowafundisha wauguzi wake mwaka 2018 ni wakati gani glovu hazihitajiki, iliokoa tani 21 za plastiki katika mwaka mmoja. Kumpima mgonjwa presha, au kumpa vidonge vya kawaida, hakuhitaji glovu. Kunahitaji mikono iliyonawiwa vizuri. Hili lisimamiwe kwa uangalifu, kwani palipo na damu au majimaji ya mwili glovu ni lazima.

Katika chumba cha upasuaji, kagua mitungi na mabomba ya nitrasi oksaidi, gesi ya kusaidia usingizi wakati wa upasuaji, ambayo kilo yake moja huongeza joto la dunia zaidi ya mara 250 kuliko kilo ya kabonidayoksaidi, na ambayo huvuja kimyakimya bila kumfikia mgonjwa. Mfamasia naye atoe kwanza dawa zinazokaribia kuisha muda, na aagize Bohari ya Dawa kwa kufuata matumizi halisi, kwa sababu dawa iliyoisha muda ilitengenezwa, ikasafirishwa na sasa inateketezwa bila kumtibu mtu.

Hapo ndipo umeme wa jua unapofaa kujadiliwa. Soma LUKU na daftari la dizeli la miezi 12 kwanza, uzime viyoyozi vya vyumba vitupu, halafu ukadirie paneli kwa mahitaji yaliyobaki. Friji za chanjo, zinazotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, zipo za aina inayotumia jua moja kwa moja bila betri. Mitambo mingine itahitaji betri, na betri huchoka. Fedha za kuzibadilisha na za fundi ziingizwe katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri kabla paneli hazijapandishwa juu ya paa.